Plau la Marehemu

Mume wangu aliniachia vitu viwili: kukoroma kwake, ambako nakusikia hadi leo, na pikapu ya dizeli yenye plau la theluji.

Plau lenyewe ni bamba la chuma lililopinda, pana kuliko gari, linafungwa mbele na unaliinua na kulishusha kwa kijiti kidogo kando ya usukani. Tulipoishi kaskazini, Minnesota, lilitulisha miaka mingi. Theluji ikianguka, yeye huyo, anasafisha maegesho ya makanisa na maduka, anarudi ndevu zimeganda na ananiuliza chai iko wapi kana kwamba chai hujipika. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo, katikati ya joto, ameketi sebuleni anatazama mpira. Nilidhani amelala. Nilimfokea apunguze sauti ya televisheni.

Baada ya mazishi nilihamia Texas kwa sababu moja tu: nilikuwa nimechoka na baridi. Nilipofika Grand Prairie na pikapu ile na plau lake mbele, watu wa ushirika wetu wa kanisani walicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja aliniambia, "Mama, plau la theluji hapa? Umefuga kuku ukitarajia maziwa!" Nikamwambia kuku ni wangu, maziwa hayamhusu.

Ukweli ni kwamba sikuweza kuiuza. Mimi nimeokoka, siamini mizimu, na mtu akinitajia mambo hayo nitamfungulia Biblia. Lakini ndani ya gari lile mume wangu alikuwa anaongea. Kiti kilikuwa bado kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu yake mirefu, nami sikukirudisha mbele; niliweka mto mgongoni. Kila nikigusa ufunguo nilimsikia: ngoja ile taa ndogo ya manjano izime kwanza, mbona una haraka, dizeli si petroli. Nilikuwa namjibu kwa sauti. Kwenye taa za barabarani watu wa magari ya jirani walidhani niko kwenye simu.

Tena kila mwisho wa mwaka nilimwaga dawa ya baridi kwenye tangi, kama alivyokuwa akifanya yeye. Dizeli isiyo na dawa ikipigwa na baridi kali huganda kama mafuta ya ng'ombe kwenye sahani, na gari halisogei. Huku kusini hakuna anayejisumbua. Nilijua ni upuuzi, nikaendelea.

Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee ambako mimi ni muuguzi, nilikuwa na rafiki mmoja wa Burundi aliyefanya kazi ya kufua. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na hakuchoka kunikumbusha. "Dada, nyinyi Wakenya mnaongea kama mnagombana." Mimi nilimwita mdogo wangu. Yeye Mkatoliki, mimi mlokole, tulibishana kuhusu Bikira Maria huku tukikunja mashuka, na kila Jumapili alasiri nilikuwa kwake Irving, mji wa jirani, nakula maharage na ndizi. Alikuwa na mtoto wa kiume wa darasa la pili na kabinti kadogo kalikokuwa bado kakibebwa mgongoni. Mvulana alinijibu kwa Kiingereza kila nilipomsemesha, na mama yake alimkemea kila mara bila mafanikio.

Halafu theluji ikaja. Si ule unga unaoyeyuka kabla ya saa sita. Ilianza na mvua ya barafu iliyoziba kila kitu kwa kioo, kisha theluji juu yake, siku na usiku, na upepo ukaikusanya hadi magotini. Stima ikapotea. Mabomba yakapasuka. Barabara kuu zikajaa malori yaliyokaa kingamakingama, na pikapu kubwa za wanaume wa mtaa wetu, zile za kujivunia, zikagoma kuwaka.

Asubuhi ile nilimpigia rafiki yangu simu kumjulia hali. Mume wake alikuwa amekwama kwenye ghala alikofanya kazi, hakuna njia ya kurudi. Nikamuuliza, watoto wako wazima?

"Tuko sawa, dada. Nimewasha jiko la mkaa, lile la kuchomea nyama. Nimeziba mlango kwa mataulo, joto halitoki. Tunaota moto kama nyumbani." Kisha akasema, "Ila vichwa vinatuuma sote. Na huyu mdogo analala tu, hata kunyonya hataki."

Woi.

Kwetu jiko la makaa liliingia ndani kila msimu wa baridi. Mama alilileta likiwa jekundu, tukalizunguka, tukachoma mahindi. Hakuna aliyekufa, kwa sababu nyumba zetu zinapumua: kuna nafasi juu ya ukuta, kuna nafasi chini ya mlango, mabati yenyewe yana matundu. Nyumba za huku zimezibwa kama mtungi. Moshi wa makaa usioonekana wala kunuka unakaa humo humo, unaingia kwenye damu, unakubembeleza ulale. Nililijua hilo darasani. Kwa nini sikuwa nimewaambia? Kwa sababu nani angefikiria jiko Irving?

"Toa jiko nje!" nikapiga kelele. "Fungua madirisha, toka na watoto sasa hivi!"

"Nje kuna baridi, dada. Watakufa baridi." Ulimi wake ulikuwa mzito. "Ngoja nipumzike kidogo, nitalitoa."

"Usilale! Mdogo wangu, unanisikia? Usilale!"

Simu haikukatika. Nilisikia iko wazi, na hakuna mtu.

Nambari ya dharura walipokea, wakaandika anwani, wakasema watatuma watu mara wakipatikana, barabara ni mbaya. Niliwaambia kuna watoto. Yule dada aliyepokea simu akasema, kwa upole, kwamba kila anayepiga leo ana watoto.

Nikatoka na ufunguo.

Ngoja taa izime, marehemu akaniambia. Nilingoja, namwambia, leo ukinigomea nitakuuza chuma chakavu, wewe na gari lako. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Nililia hapo hapo kwenye usukani, kisha nikajifuta kwa sababu machozi yalikuwa yanaganda.

Sikuwahi kuendesha plau. Nilikuwa nimeketi kando yake mara nyingi tu, nikilalamika. Lakini kumbe nilikuwa nimesikiliza. Usisukume theluji nzito kwa pupa, inua bamba kidogo, kata ya juu kwanza, kisha rudi uikate ya chini. Lipinde lielekee kando, theluji imwagike pembeni, usijijengee ukuta mbele yako. Mguu mwepesi kwenye breki, mwepesi kabisa, chini kuna barafu. Haya yote aliyasema kwa ile sauti yake ya kunichukulia kama mwanafunzi mzito, na safari hii sikumjibu. Mifuko ya mchanga aliyoiweka nyuma ilikandamiza matairi chini.

Nilipita barabara za ndani kwa sababu ile kuu ilikuwa imefungwa na malori. Chini ya daraja moja upepo ulikuwa umejaza theluji hadi usawa wa taa za gari. Niliikata, nikarudi nyuma, nikaikata, chuma kinalia, gari linateleza upande. Kwa mara ya kwanza tangu afariki nilimwita kwa jina, kwa nguvu, kama mtu anayeomba msaada chumba cha pili. Sitasema nilijibiwa nini. Lile fungu la theluji lilisogea, nikapita.

Maegesho ya nyumba zao yalikuwa meupe matupu, hakuna hata nyayo. Nilisukuma hadi mlangoni kwake, nikahakikisha bomba la moshi nyuma ya gari halijazibwa, nikaacha injini na hita vikiwaka. Kugonga hakukusaidia. Nilichukua spana ya magurudumu nikavunja dirisha la sebule, hewa yenye joto ikanipiga usoni, joto zuri, la kukaribisha. Hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka.

Walikuwa wamelala kwenye godoro moja, jiko katikati ya chumba, makaa yamevaa majivu. Nilifungua mlango kwa ndani, nikambeba mdogo, nikarudi kwa mvulana, nikamkokota mama yao kwa kwapa juu ya barafu kama gunia, namtukana njia nzima. Nikawapanga ndani ya gari na madirisha nikayaacha wazi nusu. Mvulana alianza kutapika mara moja, akalia, akaniambia, "Auntie, my head." Nikamwambia lia, baba, lia sana.

Mama yao akafungua macho. Nilimpiga makofi mepesi, nikamwita. Alinitazama, akamtazama mvulana, kisha akamtazama yule mdogo ambaye nilikuwa nimemlaza mapajani, nikimsugua mgongo na kumpulizia hewa kwa sababu kupumua kwake kulikuwa kwa shida. Midomo ya mama ilicheza, hakutoa neno. Nilijua ni ule moshi, haujamtoka kichwani. Nikaendelea na mtoto. Sijui ulikuwa muda gani. Ulikuwa muda mrefu. Hatimaye kabinti kakakunja uso, kakafungua macho, kakapiga kelele ya hasira.

Hapo ndipo mama yake aliponishika mkono. "Dada. Mzee wa mlango wa pili. Nilimpa moto asubuhi."

Kwao, kama kwetu, jirani hanyimwi moto. Mzee huyo alikuwa Mkongo, anaishi peke yake, watoto walimwita babu. Alikuwa amekuja kugonga, anatetemeka, na rafiki yangu akampakulia makaa yenye moto kwenye sufuria, akayafunika kwa majivu yasizime njiani, na akamwelekeza azibe mlango vizuri.

Mlango wake haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Nilisukuma taulo kwa mguu nikaingia. Aliketi kwenye kiti, amejifunika blanketi, sufuria katikati ya miguu yake, na mikono ameinyoosha juu yake. Alikuwa bado na joto. Nilimlaza sakafuni nikambonyeza kifua, nikambonyeza, namhesabia kwa sauti, hadi watu wa zimamoto walipofika na mmoja wao akaniwekea mkono begani na kusema inatosha. Walikuwa wamefuata njia niliyoichonga. Nilipotoka nje, rafiki yangu alikuwa anatazama kupitia kioo cha gari. Sikuhitaji kumwambia.

Mzee alizikwa huku huku. Jamaa zake hawakuweza kusafiri. Siku za matanga, Warundi na Wakongo walijaa, waliimba vizuri, na sisi Wakenya tulileta chai na mandazi. Barafu ilikuwa imeyeyuka, watu wamevaa viatu vya wazi, utafikiri tumeota. Wanawake walipika nje kwa makaa. Rafiki yangu hakusogea hata kuosha sahani. Alikaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni, na moshi ulipogeuka upande wake aliinuka akahama.

Nilimrudisha nyumbani kwa pikapu. Tulipokaribia kwake nilimwambia tena nilichokuwa nimemwambia hospitalini walikopelekwa siku ile: ule moshi unaondoa akili, hakuna mtu angeweza kukumbuka jirani katika hali ile. Alitoa moto kwa moyo mzuri. Alipopata fahamu alisema. Mungu anaona.

"Hapana, dada," akasema. "Nilimkumbuka mapema."

Nilisimamisha gari kando.

"Nilipofungua macho tu, nilimkumbuka. Nikaona umemshika mwanangu na hapumui vizuri. Nikasema moyoni, nikimtaja mzee, atamwacha mtoto akimbilie huko. Nikafunga mdomo. Nikamsubiri mtoto afungue macho."

Mtoto mwenyewe alikuwa amelala kati yetu, mdomo wazi, anapumua. Nilimtafuta marehemu, yeye aliyekuwa na la kusema kila mara ndani ya gari lile, na alikuwa kimya. Nikamwambia rafiki yangu kweli tupu, kwamba mimi pia ningefanya vile vile.

Alimfunika mtoto miguu kwa khanga.

"Najua," akasema. "Lakini si wewe uliyefanya."