Sifuri ya Mama Darubini

Ofisi ya msitu ilikuwa na watu tisa wa kuandika habari za ndege na mmoja wa kwenda kuwaona. Huyo mmoja alikuwa Mama Darubini, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na ulimi usio na breki. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akihesabu hondohondo, ndege mwenye mdomo mwekundu kama pilipili iliyoiva, jicho la njano, na sauti ya mtoto aliyenyimwa kitu. Kanuni yake ilikuwa moja tu: asichokiona kwa macho yake, hakiandiki.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Msimu wa kutaga ukifika, hondohondo jike huingia kwenye tundu la mti mkubwa, akajiziba humo kwa udongo na kinyesi, akabakiza ufa wa kupitisha ncha ya mdomo. Dume huhangaika wiki nenda wiki rudi kumletea matunda. Mama alipomsimulia mumewe, fundi cherehani, yeye alisema ndege huyo anawaharibia soko waume wenzake.

Basi mwezi ule Mama aliandika madume kumi na wanne, majike sifuri. Kila msimu aliandika hivyo, na hakuna aliyesoma. Safari hii alikuwapo mkuu mpya, na kwa bahati mbaya alikuwa msomaji. Akaitisha kikao, akatangaza kwamba majike wamehama, akaomba mnara wa kuwatafutia. Mnara ulihitaji uwazi kando ya barabara, na mahali penyewe palisimama mti mmoja mkongwe, uliooza moyo, ambao sasa ulipangiwa kukatwa. Ndani ya mti huo alikuwamo jike, amelalia mayai.

Mama akapata habari. Alikwenda kueleza mpaka jasho likamtoka. Mkuu alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamgeuzia fomu.

“Mama, hii sifuri ni mwandiko wa nani?”

“Wangu, mkuu. Lakini wamo ndani ya miti.”

“Umewaona?”

Hakuwaona. Ncha ya mdomo si ndege. Alirudi nyumbani kajiinamia, akijilaumu kwamba uaminifu wake ndio ulionoa msumeno.

Siku ya tatu, akipita koridoni, alijikwaa kwenye kiti kilichovunjika mguu. Kiti hicho kilikuwa hapo miaka tisa. Hakuna aliyethubutu kukitupa, maana kilipigwa namba ya mali ya ofisi, na chenye namba hakiondolewi mpaka kamati ya mali ikae. Kamati yenyewe haikuwa imekaa tangu mwenyekiti wake astaafu. Mama alikitazama kiti kwa muda, kisha akaenda stoo kuomba brashi na rangi nyeupe.

Kesho yake wakata miti waliukuta mti una namba, tarakimu sita zilizonyooka. Wakazima msumeno, wakamwita mkuu. Mkuu akauzunguka mti mara mbili. Mama alisimama pembeni, rangi imemganda kwenye kucha.

“Nani ameandika namba hii?”

“Ofisi, mkuu.”

Mkuu alimtazama usoni, akatazama kucha. Akaiwaza kamati, barua zake, na yale maswali ambayo ingeanza kuuliza kuhusu mambo mengine. Akafuta jasho, akaamuru mnara ujengwe nyuma ya choo.

Ukajengwa huko. Majuma kadhaa baadaye jike alibomoa ukuta wake, akatoka manyoya yamevurugika, akatua tawini kunyoosha mbawa. Mama alilia wala hakujificha.

Mwisho wa mwezi aliletewa taarifa ya ofisi aitie saini. Ilisema majike kumi na wanne wamerejea msituni kwa kuvutiwa na mnara. Mama alikuwa ameona wanane. Akatia saini, akaenda nyumbani, akalala fofofo.