Kinundu juu ya kovu la opereshoni: nilivyokataa wembe wa Kigwena

Amahoro wakuu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na kovu liko begani. Sitaongeza chumvi.

Mimi ni mama wa Minago, naanika na kuuza ndagala, hawa samaki wadogo wa ziwa letu. Nyuma ya bega nilikuwa na uvimbe laini wa mafuta. Hauumi, ila kila nikibeba mfuko unabanwa.

Nikaenda hospitali mjini Rumonge. Ganzi ya pale pale, wakatoa, wakashona, nikarudi nyumbani kwa taxi-moto, pikipiki ya kukodi. Kidonda kikafunga vizuri.

Wiki kadhaa baadaye, naoga, nikagusa kitu kigumu kwenye kovu. Kama punje ya hindi. Kikakua kama haragwe, chekundu, kinawasha.

Wakuu, niliogopa.

Mama mukwe wangu, tunaishi naye, alipokiona akashika mdomo.

"Kimerudi! Kesho twende Kigwena, kuna muzee anajua kupasua."

"Anapasua na nini, mama?"

"Na wembe. Anatoa mizizi yote."

Majirani nao kila mtu na dawa yake: huyu mawese ya moto, yule anataka kukiminya kwa kucha.

Nikasema, "Mama, nakuheshimu, lakini wembe haunigusi. Walionishona ndio watatazama."

Akanuna. Ila asubuhi nikamkuta mlangoni, kavaa kitenge chake cha kutokea. "Siwezi kukuacha uende peke yako."

Dokta, dada mmoja mpole, alikibonyeza taratibu. Akauliza kama nina homa, kama kinatoa usaha. Hapana.

"Uvimbe haujarudi, mama. Ile nyama tuliipima, iko safi. Hii ni uzi wa ndani wa mshono. Mwili wako unauona mugeni, unapigana nao."

Masharti: nikande kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu, nisiminye, nisichokonoe. Homa ikija, wekundu ukisambaa au usaha ukitoka, nirudi haraka.

Nikashika masharti kweli kweli. Jirani akinyoosha kucha, narudi nyuma. Mfuko nikahamishia bega la pili. Na aliyenichemshia maji ni mama mukwe, huku bado kanuna!

Halafu ncha nyeupe ya uzi ikachomoza. Mkono uliniwasha kuivuta, nisiwadanganye. Nikafunika, nikarudi hospitali.

Muuguzi akasafisha, akaivuta kwa koleo ndogo. Kauzi kafupi kama kope.

Mama mukwe akainama kukatazama.

"Haka tu?"

Kisha akasema chini chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Na mimi niko na kitu kwenye titi. Tangu mvua zilipoanza."

Kumbe mama mukwe alikuwa amemtafuta yule muzee wa Kigwena kwa ajili yake mwenyewe.

Hatukutoka pale. Dokta akampima siku hiyo hiyo, wakachukua kipande cha nyama cha kupeleka maabara. Majibu bado. Bega langu limepona, kovu liko bapa. Siku ya majibu nakwenda naye, tumeshakubaliana.

Funzo langu: kinundu juu ya kovu si lazima kiwe ugonjwa umerudi, lakini si cha kunyamazia, na si cha wembe. Rudi kwa aliyekushona.

Kama na wewe mwili wako umewahi kutema uzi, tuambie ilikuwaje. Na aliyewahi kumsindikiza mama yake kwenda kusikiliza majibu ya namna hii, naomba aniandikie: njiani mliongea nini?

Murakoze.