Tausi ya Kengele

Enzi zetu pale Shella, Malindi, majani ya chai hayakuitwa majani ya chai. Yaliitwa Tausi, kwa ule mchoro wa ndege uliokuwa kwenye pakiti. Hata ya kampuni nyingine, kama Kengele, yaliitwa Tausi, ndiyo maana mtoto aliweza kusimama dukani, mdomo umejaa mabuyu, akasema, "Nipe Tausi ya Kengele," na mwenye duka asicheke.

Mama yetu chai ya Kengele hakuigusa, wala hakuwahi kuionja. Gari la Kengele lilipopita mtaani na vipaza sauti likigawa pakiti za bure, sisi watoto tuliacha kucheza kode mchangani tukalikimbilia. Yeye alifunga dirisha. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!" Baadaye likapita gari la Tausi, vipaza sauti vilevile. Mama akafungua dirisha. "Mwaona watu wenye adabu? Wamekuja kutuamkua."

Basi yakaja makubwa. Dada yangu Rukia aliposwa na kijana wa Mambrui, na alimpenda hasa. Hata akifua nguo alikuwa akiimba. Lakini mamake kijana, Bi Maimuna, alikuwa mtu wa Kengele. Alipokuja kwetu mara ya kwanza alikirudisha kikombe kimejaa, akasema kwa upole, "Chai ya Tausi hunipa kiungulia." Mama alikipokea kile kiungulia kama tusi la ukoo mzima. Mgeni alipoondoka tu, akasema, "Mwanangu haendi kwenye nyumba inywayo maji ya kuoshea masufuria." Rukia alilia hadi macho yakavimba.

Baba akaomba wakutane mara moja tena, baada ya sala ya alasiri. Wasipopatana, posa irudi. Bi Maimuna akaja na majani yake ya Kengele kayafunga kwenye pindo la leso. "Shika, mwanangu, nipikie haya." Mama naye akamfuata Rukia jikoni na pakiti ya Tausi. "Ukipika yale, mimi si mamako."

Mimi nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi. Rukia akayatazama haya, akayatazama yale, akayatupa yote motoni yateketee. Akachukua sukari, akaiunguza sufuriani hadi ikawa nyeusi, akamimina maji, akatia tangawizi, iliki na mdalasini. Ikatoka chai nyekundu ya kupendeza, isiyo na jani hata moja.

"Ukisema," akaninong'oneza, "nitakuchinja."

Akamimina, nami nikamsaidia kupeleka vikombe kwa wageni. Bi Maimuna akaonja, akafumba macho. "Alhamdulillahi. Kengele haijifichi." Mama akanywa chake, akanisogelea sikioni. "Maskini, hajui kama anywa Tausi." Wakaongezewa, wakaulizana habari za wagonjwa, na kabla ya magharibi posa ilikuwa imekubaliwa. Wote wawili waliingia kaburini kila mmoja akiamini ameshinda.

Vijana wa leo nikiwasimulia hucheka sana, na simu zao wamezilaza kifudifudi mezani ili ile alama ya nyuma ionekane. Kioo kimepasuka, vocha hakuna, lakini alama ipo. Majuzi binti mdogo wa Rukia amemkataa mchumba, mwalimu mpole, mswalihina, kwa sababu simu aliyomletea si ya chapa ile. "Kwani anionaje?" alituuliza, na machozi yalikuwa ya kweli.

Niliwakumbuka Mama na Bi Maimuna, nikawaonea hamu iliyoniuma. Ukaidi wao ulikaa ulimini, na ulimi hudanganyika. Nikamgusa Rukia begani. "Dada, hebu ingia jikoni ufanye lile jambo lako."

Akamtazama bintiye, akatikisa kichwa.

"Chai niliiweza, mdogo wangu. Simu haipikiki."