Upepeo Niliouita wa Mwene

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa karani wa bwana utamaduni, Sumbawanga. Tulikuwa na chumba kimoja tulichokiita makumbusho, na kazi yangu ilikuwa kukijaza. Nilidandia malori yaliyohamisha watu, nikiomba vitu vya kale kabla havijatupwa. Nilijiona mtu mkubwa kweli, na kalamu yangu mfukoni.

Katika kijiji kimoja, mwendo wa nusu siku kutoka mjini, bibi mmoja alinipa upepeo wa milala, mpini wake umezungushiwa waya wa shaba. Nyumba yake ilikuwa imeshaezuliwa. Aliniomba nimtunzie mpaka apate paa, mvua isije ikauozesha. Kabla ya kunikabidhi alipiga magoti, akapiga makofi taratibu. Nikamuuliza ulikotoka. Aliachiwa na mama mkwe, ambaye usichanani alitumika nyumbani kwa mwene, mtawala wa zamani wa Ufipa. Kama ulitoka huko, hakujua.

Mimi mtoto wa mwenye duka, mzaliwa wa mtaa wa Majengo mjini, nisiyejua mila za Wafipa, nikadhani makofi yale ni heshima kwa kitu cha kifalme. Nikaandika kibandiko, "Upepeo wa Mwene," nikaufungia kabatini. Bwana utamaduni alifurahi, akanisifu mbele ya wageni wa mkoa.

Mvua zilipokwisha, yule bibi alifika ofisini kwa miguu, vumbi hadi magotini.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Akapiga magoti na makofi vilevile, na safari hii mikononi mwake hamkuwa na kitu. Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile alikuwa akinisalimu mimi tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Paa limekwisha kuezekwa, baba. Nimefuata upepeo wangu. Ndio niliompepea nao mzee wangu mpaka akakata roho."

Bwana utamaduni alisikia, akatoka chumbani kwake. "Mali ya mwene ni mali ya taifa, mama. Haitoki hapa."

"Ya mwene? Mbona mimi sijui hayo?"

Bwana utamaduni akanigeukia. "Ndugu, nani alikwambia ni wa mwene?"

Niliona kibarua changu kikiota nyasi. Naona haya hadi leo kuyaandika haya. Nilimnyooshea kidole yule bibi.

"Yeye mwenyewe."

Alinitazama, kisha akaomba walau aushike kidogo. Bwana utamaduni akasema hairuhusiwi, akarudi chumbani kwake. Tulibaki wawili. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu, na sikuutoa.