Fanueli na Mlango wa Eksirei

Wazee wenzangu wa Lushoto watamkumbuka Fanueli, mtu mrefu, mpole, aliyeendesha mashine ya eksirei katika hospitali ya misheni miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mashine yenyewe ilikuwa imeletwa kuukuu kutoka ng'ambo, kama makoti tuliyoyavaa wakati wa baridi. Mionzi yake haionekani wala haiumi, kwa hiyo watu hawakuiogopa. Fanueli aliiogopa kwa niaba yao. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, hivyo kila mara alikuta ndugu wamejaa chumbani, naye akawatoa taratibu. Mlangoni palikuwa na tangazo la kumtaka mjamzito ajitaje. Hakuna aliyejitaja, kwa maana mimba changa kwetu haitangazwi. Basi Fanueli alimchukulia kila mwanamke wa umri wa kuzaa kuwa mjamzito, asimuulize neno.

Siku moja aliletwa Hidaya kutoka Magamba. Moyo wake ulipiga polepole mno, hata akawa anazimia shambani. Daktari mgeni alikusudia kupitisha waya mwembamba ndani ya mshipa hadi moyoni, ili uuamshe kwa umeme mdogo, huku akiuongoza kwa picha ya eksirei. Hidaya alifuatana na mumewe, Mzee Hassani, na Sharifa, mke wa mwana wao Amiri. Sharifa alikuwa na mimba ya miezi miwili, na aliyeijua ni mumewe tu.

Hidaya akaushikilia mkono wa Sharifa, akasema bila huyu hatalala juu ya meza ile. Fanueli akamwomba Sharifa atoke. Sharifa akainamisha kichwa, asisogee. Kutoka kungekuwa kumtupa mama mkwe, na kueleza sababu mbele yake kungekuwa aibu kubwa zaidi. Akanyoosha mkono achukue aproni nzito ya risasi, ile ya kuzuia mionzi. Fanueli akamtangulia kuichukua, akamgeukia Hassani.

"Mzee wangu, kazi hii ni ya mwenye mke."

Hassani akajibu kwamba mtu wa umri wake hamshiki mkewe mkono mbele za watu.

"Watu gani, Mzee? Mimi na daktari tutakuwa tunatazama picha."

Hassani akavishwa aproni, akasimama kama aliyetwishwa gunia la viazi. Hidaya akamtazama, akauachia mkono wa Sharifa, akaushika wa mumewe.

"Baba Amiri, ulingoja nikaribie kufa ndipo unishike?"

"Nyamaza, mwache daktari afanye kazi."

Sharifa akatoka. Fanueli akafunga mlango, akamrudisha Hassani nyuma kadiri mkono ulivyoweza kufika, akaubana mwonzi uangukie kifuani mwa Hidaya tu. Daktari aliiwasha picha kidogo, akasukuma waya, akaizima. Akaiwasha tena, hadi moyo uliposhika mwendo.

Fanueli alimkuta Sharifa amejiinamia kwenye benchi.

"Ulijuaje, baba?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sijajua kitu, mwanangu. Ingia umwone mama. Mashine imezimwa."