Maneno ya Pindoni

Mimi si mtu wa kutoka. Watu wanapanda ndege kutoka kwao kwenye baridi ili wafike Ushongo, wavue viatu na kupiga picha miguu yao mchangani. Mimi nimezaliwa Pangani mjini, Ushongo ipo ng'ambo ya mto tu, na pwani yake nimeiona kwenye televisheni. Ni nzuri, ila bluu ilizidi.

Hiyo ndiyo kazi yangu, kama ni kazi: kuona kasoro ya picha nikiwa nimekaa. Sikuisomea. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na fizikia nilipata F, nikamwambia marehemu mama kwamba ndiyo herufi ya kwanza ya fizikia, akashukuru Mungu. Lakini enzi za mikanda ya video, deki ikianza kuonyesha mvua kwenye kioo, walikuwa wakiniletea mimi. Nilifungua, nikafuta kichwa cha deki kwa kitambaa laini na spiriti, mvua ikakatika. Toka hapo nikawa mwamuzi. Mtu akinunua televisheni huniita nije kuitazama, nami humwambia ailete kwangu.

"Huyu," mke wangu huwaambia wageni, "kijani cha mnazi wa kwenye TV anakijua. Wa dirishani kwake hajui kama ulishakatwa."

"Umekatwa?" nilimuuliza siku ya kwanza aliposema hivyo. Wageni wakacheka. Umekatwa kweli, tena mwaka juzi.

Sasa, kuna filamu moja ya zamani. Hapa kwetu haihitaji jina, ukisema "ile filamu" umeeleweka. Walikuja kuipiga mimi nikiwa mtoto wa kubebwa. Kuna mahali shujaa anashuka kwenye pantoni akiwa na sanduku lake, na nyuma yake wanashuka watu wetu wa kweli, waliokuwa wakivuka mto kwa shughuli zao. Mmoja wao ni shangazi yangu, dada yake baba, msichana wa miaka ishirini. Anaipita kamera, anatoa mgongo, na pale nyuma, kwenye pindo la kanga nyekundu, yapo maneno meupe.

Maneno hayo ndiyo kesi.

Shangazi ana mwenziwe, jirani ukuta kwa ukuta, wameitana "somo" tangu usichana. Chumvi ya huyu iko kwa yule, na mlango wa uani kati yao sijawahi kuuona umefungwa. Ila mwaka ule wa filamu, mchumba wa yule jirani alikuwa amepanda meli Tanga kwenda kufanya ubaharia, na barua zilikuwa zimekatika. Shangazi yeye ndiyo kwanza ameolewa. Jirani anasema siku ile ya pantoni shangazi alifunga kanga iliyoandikwa WANGU NINAYE, WAKO YU WAPI, makusudi, na akampitia mbele nayo. Shangazi anasema uongo mtupu, kanga ilikuwa imeandikwa WEMA WA MUNGU HAUNA KIPIMO.

Miaka arobaini na kitu imepita. Baharia hakurudi, jirani akaolewa na mwingine, akazaa, akajukuu, akawa mjane, wote wawili wakawa wajane. Kesi ikabaki. Kwenye mkanda wetu wa video maneno yale yalikuwa safu ya siafu weupe. Herufi ya kwanza ni W, hilo walikubaliana wote, na halikumsaidia yeyote.

"Siku nitakayoyasoma kwa macho yangu," jirani alikuwa akisema, nusu utani, nusu si utani, "mlango ule wa uani nauziba kwa tofali."

Basi juzijuzi zikaja habari kwamba filamu ile imesafishwa upya, picha na sauti, na binti yake jirani aliyeko Dar akamtumia mama yake kwenye flashi. Na flashi inaletwa wapi, kama si kwa mwamuzi? Wakapanga kuja baada ya swala ya alasiri. Mimi asubuhi nikaitazama peke yangu, kwa kazi. Mke wangu alikuwa na redio yake jikoni, kwa hiyo nikazima sauti. Kumbuka hapo: mimi, ambaye nimewaambia watu maisha yangu yote kwamba picha bila sauti ni kalenda.

Sijui niseme nini kuhusu usafi ule. Mto ulikuwa na rangi ya mto. Shati la shujaa lilikuwa na kifungo cha pili chenye uzi tofauti. Nikaanza kutafuta kasoro nikazipata mbili tatu, ngozi za watu wamezilainisha kupita kiasi, nikafurahi. Kisha shangazi akashuka kwenye pantoni, akapita, akatoa mgongo.

WANGU NINAYE, WAKO YU WAPI. Nikarudisha nyuma mara nne. Hata nukta ilikuwepo.

Ndiyo kwanza nimeizima, shangazi huyo mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba." Akakaa. Akatazama televisheni iliyozimwa. "Hiyo picha imetoka safi?"

"Safi."

"Safi sana?"

"Safi mno, shangazi."

"Mno mpaka wapi?"

"Mpaka pindoni."

Akaokota uzi kwenye mkeka ambao mimi sikuuona. "Basi wameiharibu," akasema. "Kitu cha zamani hakitakiwi kuoshwa hivyo. Si ndivyo unavyosemaga wewe?"

Ndivyo ninavyosemaga. Lakini sijawahi kuombwa hivyo, na mtu aliyenifuta kamasi. Alipofika mlangoni akageuka. "Mimi ukuta ule siwezi kuishi nao, baba. Nishazeeka." Akaenda zake.

Sasa nitaeleza nilichofanya, na wenzangu wa fani wanisamehe. Nilichukua rimoti, nikaingia mahali pa kurekebisha picha, mahali ambapo nimewakataza watu wazima wasiguse. Nikapandisha mwangaza mpaka mwisho. Rangi nikaishusha. Nyekundu ikawa kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa mengi, nyeupe ikameza kila kitu cha jirani yake. Nikajaribu pale pa pantoni: shangazi alipita amevaa wingu. Mke wangu akachungulia, akatazama televisheni, akanitazama mimi.

"Unaumwa?"

"Nimeiboresha," nikasema.

Wakaja. Jirani alikuwa amefuta miwani yake, na akaifuta tena. Nikawakalisha, nikatoa hotuba: kwamba kusafisha filamu ni kazi ngumu, kwamba wakati mwingine mwanga unakula maandishi, hasa maandishi. Shangazi alitikisa kichwa kwa majonzi kama mtu aliyesomea.

Filamu ikaenda. "Mbona wote weupe?" jirani akauliza. "Wamemwagikiwa unga?"

"Ndiyo teknolojia, mama," nikasema, na moyo wangu ukaniuma.

Pantoni ikafunga gati. Shujaa akashuka na sanduku, akaanza kuiaga nchi yake kwa machozi. Shangazi akapita, akatoa mgongo. Wingu. Jirani alikuwa ameinuka nusu, pua yake shibiri moja na kioo. Akakaa. Nikamwona shangazi anashusha pumzi.

Na hapohapo, chini ya maneno ya shujaa, pale ambapo kwenye mkanda wetu ulikuwapo mvumo wa nyuki mzinga mzima, ikatoka sauti ya msichana, safi kama yuko uani:

"Soma, somo! Au hujui kusoma?"

Nyuki walikuwa wameondolewa. Mimi wa picha bila sauti ni kalenda! Nikatafuta rimoti, nilikuwa nimeikalia. Na kabla sijaipata ikafuata sauti ya pili, ya msichana mwingine, kali zaidi, inapaa juu ya buriani ya shujaa:

"Nimesoma! Wangu yu melini, wako makengeza!"

Na kicheko cha watu wa pantoni.

Mume wa shangazi, Mungu amrehemu, jicho lake la kushoto kweli lilikuwa likitazama Bweni, ng'ambo ya mto, wakati la kulia likitazama Pangani.

"Rudisha," jirani akasema.

Nikarudisha. Soma, somo. Nimesoma. Makengeza.

"Ile ni sauti yangu," jirani akasema polepole. "Nilimjibu."

"Ulinijibu mbele ya pantoni nzima!" shangazi akalipuka. "Nikaenda nyumbani nikamtazama mume wangu vizuri kwa mara ya kwanza. Mpaka siku ile sikuwa nimeona!"

"Wacha!"

"Wallahi. Na miaka yote unalia wewe ndiye uliyetukanwa."

"Nilisahau la kwangu," jirani akasema. "Nilikumbuka lako tu." Kisha akamgeukia. "Kwa hiyo yaliandikwa."

Shangazi alitazama miguu yake. "Yaliandikwa."

Nilingoja tofali. Jirani akauliza, "Na kanga yenyewe iko wapi?"

"Unayo wewe. Unayo, au ulishatupa. Baharia wako alipokuwa hana tena dalili ya kurudi, nikaona haya. Nikaifua kwa magadi, nikaianika juani mwezi mzima, maneno hayatoki, rangi ile ilikuwa rangi kweli. Nikachukua mkasi nikakata pindo lote. Ulipojifungua kifungua mimba nikakuletea."

"Ile isiyo na pindo?" Jirani alikuwa amesimama. "Ile niliyombebea mwanangu? Shetani wee! Nikasema moyoni, tazama somo, amenitunza tambara!"

"Na mtoto alilala."

"Alilala. Alikuwa halali kwenye nyingine."

Wakacheka mpaka mmoja akavua miwani, na sikuweza kujua kicheko kiliishia wapi na kingine kilianzia wapi. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya rimoti. Hakuna aliyeniuliza maoni.

Niliulizwa mlangoni, au niseme niliambiwa. "Sauti nzuri sana," jirani akasema. "Ila wewe nawe, mwanangu, hiyo TV yako mbovu. Tafuta mtu anayejua, akutazamie."

Shangazi alikuwa nyuma yake. Angeweza kusema neno. "Kweli," akasema, "picha hamna kitu."

Habari ikazunguka mjini kabla ya magharibi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniletea televisheni. Mke wangu anasema sasa nina nafasi ya kwenda kuangalia pwani.

Wao wanakuja bado, kila baada ya siku chache, kupitia mlango wao wa uani. Wanataka pale pa pantoni tu. Hawatazami hata, wanakaa wakichambua mchele na kusikiliza, na wakifika kwenye makengeza wanaisema pamoja na filamu. Juzi nilinyanyua rimoti nirudishe rangi, angalau mto uwe mto.

"Acha hivyohivyo, baba," shangazi akasema bila kuinua macho kwenye ungo. "Inatosha."