Bendera Yenye Bendera Kwenye Kona

Mwanaidi binti Ibrahimu haamini kitu mpaka akipime. Ukimletea kitambaa ukasema ni mita nne, atakitandaza mbele yako, atakipima, atakikunja, kisha atakupima na wewe kwa macho. Nimekaa naye baraza moja hapa Sokomatola, Mbeya, miaka kumi na tisa, cherehani yangu kulia na yake kushoto, na mpaka leo akienda kuswali adhuhuri anaondoka na mkasi wake. Mimi Matano niuibe mkasi wake wa nini? Ninayo mitatu.

Mimi nashona suti. Yeye anashona bendera: za shule, za vilabu vya mpira, za vyama vya ushirika, na ile ya taifa, ambayo ndiyo iliyompa jina. Walimu wakuu wanamfuata hata kutoka Chunya. Mafundi wengi hukosea ule mkanda mweusi wa mshazari; unaanza vizuri chini, ukifika juu umeikosa kona kwa vidole viwili. Wa Mwanaidi hutoka kona na kuingia kona. Kwake yeye, fundi aliyepindisha mshazari ni mtu wa kutiliwa shaka hata kwenye mambo mengine.

Mumewe alifariki Asmaa akiwa darasa la pili. Akabaki na mtoto huyo mmoja, na ulinzi aliomwekea ulikuwa wa kuchosha, ingawa sikumlaumu sana. Binti wa kaka yake alipelekwa Uarabuni kwa ahadi ya kazi ya dukani. Alirudi baada ya miaka miwili bila hati ya kusafiria, mkono umejaa makovu ya kuungua, na mpaka leo hajasema yalikotoka.

Asmaa alipomaliza kidato cha nne, mwalimu wake wa Jiografia, Anania, alimwombea nafasi ya kwenda kusoma Nyuzilandi miaka miwili, gharama zote juu ya shule ya huko. Msichana akafanya usaili kwenye kompyuta ya shule, kisha akaenda Ilula kusubiri majibu kwa shangazi yake Mwanakhamisi, anayeuza nyanya kando ya barabara kuu. Kila jioni alipiga simu: "Mama, wamejibu?"

Majibu yalikuja Jumatatu moja ya mvua. Mwalimu Anania aliyaleta mwenyewe hapa barazani, suruali imelowa mpaka magotini, anacheka utadhani yeye ndiye anayesafiri.

"Mama Asmaa, wamemchukua! Yeye sijamwambia, nimeona furaha hiyo umpe wewe. Ila ana miaka kumi na saba, kwa hiyo wanataka saini ya mzazi. Ijumaa ndo mwisho."

Mwanaidi hakucheka. Alikuwa anatazama jalada la kijitabu kilichokuja na fomu. Bendera ililijaza jalada zima: buluu, nyota nne nyekundu, na kwenye kona ya juu misalaba imepandana.

"Hii bendera ya wapi?"

"Ya Nyuzilandi."

"Na hii ndogo hapa kwenye kona?"

"Ya Mwingereza. Aliwatawala, ikabaki hapo. Hata Australia wanayo, hata Fiji na Tuvalu. Hata sisi enzi za Tanganyika tulikuwa na ya kwetu, nyekundu, Mwingereza kwenye kona na kichwa cha twiga upande wa pili."

"Sisi tuliishusha."

"Ndiyo, mama."

"Wao mbona hawajaishusha?"

Hapo mwalimu akajiharibia. Akasema walipiga kura kabisa, na wengi wakataka ibaki ilivyo. Mwanaidi akafunga kijitabu.

"Watu wazima wamepiga kura ili mkoloni abaki kwenye bendera yao," aliniambia mwalimu alipoondoka. "Matano, umewahi kuona mtu ameshona shati lake, kisha akabandika kifuani kipande cha shati la aliyempiga? Hapa kuna jambo."

Jumanne alikuja na rula ya chuma. Nilimwona akikipima kile kijitabu badala ya kushona bendera ya shule iliyokuwa inamsubiri. Mwishowe akaniita. Kwenye ile kona, mistari myekundu ya mshazari haikukaa katikati ya ile myeupe. Kila mmoja ulikuwa umesogea pembeni, na ulipovuka kati haukuonana na mwenzake wa upande wa pili.

"Imepinda," akasema. "Serikali gani itatoa bendera imepinda? Hii imechorwa na matapeli. Hawajui hata kunakili."

Nikaweka rula yangu. Nikapima mara mbili, kwa sababu na mimi nina ufundi wangu wa kujivunia.

"Ni kweli, dada. Imepinda."

Ningeweza kusema sijui. Sikusema, na jambo hilo linanichoma. Nilimtolea simu nimwonyeshe bendera ile ile mtandaoni, nayo imepinda vile vile, akasema mtandaoni wanaweka wao wenyewe. Nikaona ana hoja.

Alhamisi mwalimu alipopita, Mwanaidi alimrudishia fomu haina saini. "Mtoto mwenyewe amekataa. Anaogopa kwenda mbali." Jioni Asmaa alipopiga simu, akamwambia, "Wamechukua wengine, mwanangu. Hatukuandikiwa." Nilimsikia msichana akilia ndani ya ile simu. Mama yake naye alilia, lakini usiku huo, alivyoniambia baadaye, alilala vizuri kuliko wiki nzima. Aliamini amemwokoa mtu. Na mimi niliyesikia uongo wote wawili niliendelea kukanyaga cherehani.

Asmaa alirudi Juni, baridi imeshika. Akawa anakaa hapa barazani akitia vifungo kwenye makoti yangu. Siku moja alinishika pabaya: "Mjomba, nadhani Kiingereza changu ndicho kilichoniangusha. Nilisema 'he' badala ya 'she' mara mbili." Nilijifanya natafuta sindano.

Julai dereva wa nyumba moja ya wageni alileta bendera ya kushonwa. Wageni wake walikuja nayo kutoka kwao Australia, wakaipandisha mlingotini, upepo na kamba vikaing'oa kona ya juu. Mwanaidi akaanza kufumua. Mara mkono ukasimama. Kitambaa kilikuwa kizito, uzi wa kiwandani, mshono mara mbili, kazi ambayo yeye mwenyewe angeisifia. Na mistari myekundu ilikuwa imesogea pembeni vile vile, upande ule ule. Fundi yule hakukosea. Ndivyo bendera ya Mwingereza ilivyo.

Alivua kidoleni ile pete ya chuma ya kusukumia sindano, akaenda shuleni na viatu vya ndani. Mwalimu Anania alimsikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mama, wewe si ulisema mtoto kakataa?" akamwambia. "Walimpa mwingine. Yule binti ameondoka wiki tatu sasa."

Mwanaidi alimwambia Asmaa siku hiyo hiyo, mbele yangu, amesimama. Hakujitetea, hilo nampa. Asmaa aliendelea kutia kifungo mpaka kikaisha, akakata uzi.

"Na wewe mjomba ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaingia ndani. Nililia mimi, mtu mzima, na koti la mteja mapajani.

Tangu siku ile msichana haamini neno. Mama akisema chai ina sukari, anaonja kwanza. Mama akisema fulani anakusalimu, anampigia fulani kuhakikisha. Hana kelele wala jeuri, ana adabu zake zote, na hiyo ndiyo inayomuua mama yake.

Mwezi wa tisa ikaja barua kutoka chuo cha uuguzi Tosamaganga, alikoomba nafasi Asmaa mwenyewe. Mwanaidi aliipokea, akaikimbiza kwa mwanawe bila kuifungua. "Asmaa! Nadhani wamekuchukua!"

Asmaa aliitazama bahasha mbele na nyuma kuona kama imeshafunguliwa. Akaisoma yote. Akapiga namba iliyoandikwa chini, akauliza kama kweli wamemchagua, na kama kuna barua nyingine waliyowahi kutuma kabla ya hiyo. Kisha akatoa kalamu. Mwanaidi alikuwa tayari amejifuta mikono kwa ajili ya kutia saini.

Kwenye fomu iliyokuja na barua, mstari wa mzazi au mlezi, Asmaa aliandika jina la shangazi yake Mwanakhamisi.

"Atasaini yeye, Mama. Kesho naenda Ilula."

Kutoka hapa Mbeya, Ilula iko mbele ya Iringa. Ataipita njia panda ya Tosamaganga, aende mpaka kwenye nyanya kufuata saini, kisha arudi nyuma kuipeleka chuoni. Mwanaidi alimwuliza tu atapanda basi la saa ngapi. Asmaa akamwambia bado hajajua, na nadhani alikuwa anajua.